Chini ya Kiti

Imerudi tena, mara ya tatu tangu salfa ianze kupulizwa mikoroshoni.
Likwawa anaiegemeza kwenye nguzo ya kibanda changu,
anavua kofia, hasemi.
Tangi linasema.

Nililiandika mwenyewe: SOMOE, jina la bintiye,
njano juu ya nyekundu, kivuli cheusi ubavuni,
mkia wa E nikaukunja kama utambi wa koroboi.
Leo nasoma MOE.
"So imekwenda wapi?"
"Imeoshwa," anajibu.

Sihitaji kuambiwa imeoshwa na nini.
Miaka kumi na minane naandika matangi hapa Newala,
kila dawa naijua kwa kidonda chake.
Palipofifia kama kanga iliyosahauliwa kambani,
hapo imepita sabuni ya unga.
Palipong'aa jana na leo panashika vumbi kama ulimbo,
dizeli.
Penye mabaka meupe, dawa ya choo.
Ndiyo, ya choo. Usicheke, wapo.
Na hii mikwaruzo ya kuzunguka, kama kuku kachakura,
ni stilwaya.
Ya sufuria ya ugali, Likwawa?

Anatazama kandambili zake.

"Maji," anasema mwishowe. "Dumu mia tano,
na kwetu Kitangari bomba linakohoa tu.
Nioshe pikipiki au nipike?"

Hapo brashi yangu ikakosa la kusema.
Mtu wa uwanda huu ukimwambia
mwaga maji mengi kwanza, vumbi lishuke lenyewe,
usilisugue kavu, kila punje ni jino,
unamsemesha kama aliyezaliwa mtoni.
Mto tunao, tena tunauona: Ruvuma, kule chini bondeni,
unameta, unapita zake,
hata hodi haupigi.

Nikavuta debe nikaketi. Tukahesabu.
Dumu moja kwa wiki, si kila jioni.
Nusu yake ya kulowesha, polepole,
kwa kopo ulilolitoboa matundu kwa msumari.
Kivulini. Injini ipoe kwanza,
maana sabuni juu ya bati la moto inakaukia humohumo, inaacha ramani.
Shampuu ya magari, kifuniko kimoja.
Ukiikosa, sabuni ya maji ya vyombo, tone, na isiwe mazoea.
Fulana kuukuu ya pamba, iliyokatwa mishono.
Ikianguka mchangani, usiiokote ukaendelea;
ikung'ute, isuuze, au chukua nyingine.
Maji yaliyobaki, ya kusuuzia.
Salfa usiilaze juu ya rangi ikasubiri umande.

"Na hizi chupa za dukani zenye picha ya gari la kifahari?"
Picha haioshi, nikamwambia.
Dawa ngeni ionje kwanza mahali pasipoonekana,
kama unavyoonja mboga ya mgeni pembeni ya ulimi.
"Mahali gani?"

Nikang'oa kiti.

Tukainama wote wawili, vichwa karibu vigongane.
Tangi lina ulimi wake nyuma, huingia chini ya kiti,
na pale, upana wa viganja viwili,
ilikuwapo nyekundu.
Nyekundu ya siku ile aliyoitoa dukani Masasi,
fedha za korosho bado zina harufu ya gunia,
Somoe hajaota jino.
Jua halijaifikia. Salfa haijaifikia.
Wala mkono wake wenye haraka ya usafi.

Akaigusa kwa kidole cha mwisho, kile kisicho na grisi.
"Kumbe ilikuwa hivi."
"Ilikuwa hivi."
"Mimi nilidhani ni jua limeila."
Nikanyamaza. Jua la Newala limesingiziwa mengi.

Nikachovya brashi kwenye njano.
S sikumtoza.
O nilimtoza,
ili akumbuke.